Kuotesha asumini uani na kuchagua aina inayofaa

Asumini ni ua la siku moja, ila siku yake huhesabiwa kama tunavyohesabu sisi watu wa pwani, yaani huanza magharibi. Tumba lililonenepa tangu alasiri hufunguka jua linapozama, harufu yake hukolea usiku, na ikifika adhuhuri petali zimeshalegea, zimeingia rangi ya zambarau hafifu, na ua liko chini. Mwenye mwasumini, kwa hiyo, hana cha kuweka akiba. Anachohitaji ni mmea unaotoa matumba mapya kila siku kwa miezi mingi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Nimeingia nyua nyingi za Unguja na Pemba nikaonyeshwa mwasumini mrefu, wa kijani, usio na doa, na mwenyewe akilalamika kwamba haumpi maua. Mara nyingi mmea huo hauna ugonjwa wowote. Haujaguswa na kisu tangu siku ulipopandwa.

Wataalamu huuita mmea huu Jasminum sambac na kuuweka katika ukoo mmoja na mzeituni. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na neno sambac limetokana na Kiarabu, zanbaq, ingawa sisi tumeshika neno jengine, lile lililoanza kwa Waajemi na kutufikia likiwa yasmini na asumini. Huko Ufilipino asumini imekuwa ua la taifa tangu mwaka 1934. Jambo la kulijua mapema ni kwamba kwa kawaida mmea huu hautoi mbegu, kwa hiyo mwasumini unaouona kwa jirani ni kipande cha mwasumini mwengine, na huo nao ni kipande cha mwengine kabla yake. Ukikata tawi umechukua mmea ule ule pamoja na tabia zake zote, nzuri na mbaya. Kwa sababu hiyo kazi ya kuchagua huanzia kwenye ua wa mwenye mmea, kabla jembe halijagusa ardhi.

Kuchagua aina

Swali la mwanzo la kujiuliza ni hili: asumini unaitakia nini? Wako wanaotaka maua mengi ya kutungia makoja na kumwaga kwenye kitanda cha maharusi. Wako wanaotaka machache kila jioni ya kutilia kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia cha kuvaliwa, pamoja na mrehani, kilua na mkadi. Na wako wasiochuma kabisa, ambao wanataka tu upepo wa usiku upite juu ya mmea kabla ya kuingia dirishani. Matakwa haya matatu hayatimizwi vyema na aina moja.

Aina iliyoenea zaidi ni ile yenye safu moja ya petali, kwa kawaida kuanzia tano hadi tisa, zenye ncha za mviringo. Katika biashara ya miche duniani inayofanana nayo huuzwa kwa jina la Maid of Orleans. Matawi yake ni mepesi, hujitandaza, hukubali kukatwa ovyo na kuchipua tena, na maua yake ni mengi kuliko ya ndugu zake wote. Tumba lake ni jembamba, sindano hupita bila kulipasua, na kwa sababu petali ni chache hufunguka lote hata usiku wenye manyunyu. Kama una nafasi ya mche mmoja tu, panda huu. Nalisema hilo bila ya kusita, ingawa najua kwamba watu wengi wakiiona asumini nene husahau kila walichoshauriwa.

Asumini nene ndiyo ile inayofanana na waridi dogo, petali juu ya petali, na jina lake la biashara ni Grand Duke of Tuscany. Ni nzuri mno kwa macho, na ua moja latosha kuchomekwa nyweleni. Lakini mmea wake hukua polepole, matawi yake ni mafupi na magumu, na maua yake ni machache. Wakati wa masika nimeyaona matumba yake mengi yakiingia maji, yakageuka rangi ya kahawia na kuoza kabla ya kufunguka. Aina hii naipendekeza kwa tungi lililowekwa chini ya ukingo wa paa, pahali penye jua lakini pasipopigwa na mvua moja kwa moja. Utaitambua hata ikiwa haina ua: tazama kifundo cha tawi, uhesabu majani. Asumini ya safu moja huwa na majani mawili yanayotazamana. Hii nene mara nyingi huwa na matatu yaliyozunguka kifundo kimoja.

Kati ya hizo mbili ipo ile yenye safu mbili au zaidi za petali ndefu zilizochongoka kidogo, ambayo huitwa Belle of India. Ni mwafaka wa wastani, wala sina mengi ya kuisema zaidi ya kwamba inafaa kwa mtu anayetaka ua lililojaa kidogo bila kupoteza wingi.

Nje ya mmea huu wako jamaa wanaochanganywa nao. Chameli, ambayo kwa kitaalamu ni Jasminum grandiflorum, ina majani yaliyogawanyika kama unyoya na matumba yenye wekundu mgongoni. Ndiyo asumini iliyoupa sifa mji wa Grasse huko Ufaransa kwa manukato. Matawi yake ni dhaifu na yanataka kuegemezwa. Yuko mwengine, Jasminum multiflorum, ambaye huchanua nyota nyeupe kwa wingi wa kushangaza lakini harufu yake ni hafifu au haipo kabisa, na mnunuzi asiyejua hurudi nyumbani akidhani amepata bahati. Pitisha kidole juu ya jani na kijiti chake: mmea huo una vinywele laini kama vya kitambaa cha mahameli, ilhali jani la asumini yetu ni laini, linang'aa na halina manyoya. Kidole hakidanganyiki kirahisi kama jicho.

Afu nalo, ambalo ni asumini la porini, hujiotea lenyewe kwenye vichaka na kuta za zamani. Lina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja na tunda dogo jeusi ambalo ndege hulila na kulitawanya. Jina lake la kitaalamu, Jasminum fluminense, linahusishwa na Rio de Janeiro, kwa kuwa aliyeuandika mmea huo mwanzo aliukuta Brazili, lakini asili yake ni huku kwetu Afrika. Huko Florida limekuwa gugu baya linalopanda juu ya miti na kuifunika. Harufu yake ni tamu, ila usilipande karibu na ua wa makuti au mti unaoupenda, kwani baada ya miaka michache utakuwa unalikata kila Ijumaa. Ama malkia wa usiku, ambaye watu humwita asumini kwa sababu ya harufu yake ya kiza kikiingia, si asumini hata kidogo. Ni wa ukoo wa mnavu na biringani na ana sumu, kwa hiyo awe mbali na watoto na asiingie kikubani.

Mkilua hauhusiani na asumini kwa ukoo, lakini unastahili kutajwa kwa sababu anayepanda kwa ajili ya kikuba ataufikiria tu. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoutengea jenasi yake aliliacha jina la Kiswahili kama lilivyo, na leo duniani kote unaandikwa Mkilua fragrans. Huo unapenda kivuli, kinyume na asumini, kwa hiyo viwili hivyo vinaweza kugawana ua mmoja bila ya kugombana.

Ukishajua aina unayoitaka, nenda kwa mwenye nayo wakati wa alasiri, si asubuhi. Alasiri ndipo matumba ya usiku huo yanapokuwa meupe na kuonekana kutoka mbali, na utajua mmea huo unazaa au unajipamba kwa majani tu. Tazama pia chini ya majani kabla ya kukata chochote, kwa sababu wadudu husafiri pamoja na tawi na shukurani zako kwa jirani.

Ardhi na jua

Asumini hutaka ardhi inayopitisha maji, yenye rutuba ya wastani, na isiyokuwa na chokaa nyingi. Sharti hili la mwisho ndilo linaloigawa Zanzibar sehemu mbili. Upande wa magharibi na katikati ya Unguja, na sehemu kubwa ya Pemba, kuna ardhi ya kina, kichanga au kinongo (udongo mwekundu), ambako mwasumini huota bila ya kubembelezwa. Upande wa mashariki na kusini ya Unguja, kuanzia Makunduchi kupanda Jambiani na Paje, na vilevile pande za Micheweni kule Pemba, ardhi ni ya maweni na uwanda: udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo ni chokaa, na chokaa huyafungia mizizi madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Dalili yake haifichiki. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kama wavu uliochorwa kwa kalamu, kisha ncha hudumaa na matumba huwa machache.

Mimi nilizaliwa Pemba, na nilipohamia Jambiani nilichukua tabia za nyumbani. Kwetu majivu ya jikoni yalimwagwa chini ya kila mti na miti ilishukuru. Nikayamwaga chini ya mwasumini wangu kila wiki, na kadiri ulivyozidi kuwa manjano ndivyo nilivyozidi kumwaga. Ilinichukua zaidi ya mwaka kufahamu kwamba majivu na chokaa ni mtu na ndugu yake: yote mawili huondoa ukali wa udongo, na udongo wangu haukuwa na ukali wowote wa kuondolewa. Katika ardhi nyekundu ya kinongo majivu kidogo hayadhuru. Katika maweni yaweke mbali kabisa.

Kujua kama ardhi yako ina chokaa hakuhitaji maabara. Chukua gao moja la udongo uliokauka, uweke kwenye kisahani, udondoshee siki au maji ya ndimu, kisha inamisha sikio. Ukisikia mchirizo mdogo na kuona povu likichemka, chokaa ipo ya kutosha kukusumbua. Udongo ukinyamaza kimya, panda.

Palipo na chokaa usipoteze muda kupigana na jiwe. Jenga kitalu kilichoinuka kwa mawe au matofali, kimo cha shubiri mbili au zaidi, ukijaze udongo ulioletwa kutoka kwenye kinongo uliochanganywa na samadi iliyooza na majani makavu yaliyogeuka jaa jeusi. Kila mwaka udongo huo hushuka, na ni lazima uongezwe kutoka juu, wala usichanganywe na wa chini. Maji ya kisima cha pande hizo nayo huwa na chokaa, na karibu na bahari huwa na chumvi, kwa hiyo kinga maji ya mvua kutoka paani kila unapopata nafasi. Kwa mmea uliokwisha kuwa manjano, maduka ya pembejeo huuza madini ya chuma ya kuchanganya na maji na kupulizia majani; hurudisha rangi kwa haraka, lakini ni dawa ya kutuliza na itahitajika tena madhali mizizi imekaa palepale.

Mabonde ya kinamo, yale yanayolimwa mpunga, yana kasoro nyengine. Maji hutuama humo wakati wa masika na mizizi ya mwasumini huoza. Panda juu ya tuta au usipande.

Kuhusu jua, mmea huu unataka saa sita kwa siku kwa uchache, na nane ni bora. Chini ya mwembe utaishi miaka mingi ukiwa hai na bila ya maana. Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe hili ni tatizo la kweli, kwa sababu nyua za ndani ni kama visima vya kivuli na jua hufika chini kwa muda mfupi tu. Huko tungi lipandishwe juu ya dari, ambako litapata jua lote, ila liwe kubwa, angalau sentimita 40 kwa upana, kwani tungi dogo juu ya sakafu ya saruji hupikika mchana. Na kwa wakaazi wa pwani ya mashariki, uzio wa makuti upande wa kusini-mashariki ni wa lazima, maana upepo wa kusi hubeba chumvi na kuunguza ncha za majani.

Kuotesha kutokana na tawi

Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, yaani Machi na Aprili, na baada yake mwanzo wa vuli, Oktoba na Novemba. Chagua tawi lisilo changa la kupinda kama uzi wala lililokwisha kuwa mti. Lile ambalo likikunjwa hutoa sauti ndogo kabla ya kuvunjika ndilo hasa. Kata kipande cha sentimita 12 hadi 15 chenye vifundo vitatu au vinne, kisu kikali kikipita chini kidogo ya kifundo cha mwisho, kwa sababu mizizi hutokea hapo. Ondoa majani ya chini, yaache mawili ya juu, na hayo nayo uyakate nusu ili yasivute maji ambayo kipande hakina mizizi ya kuyatafutia. Kama kina tumba, livunje. Najua inauma.

Atika vipande hivyo katika mchanga wa mtoni au kichanga safi kilichochanganywa na jaa lililochekechwa, vifundo viwili vikiwa chini, katika kopo lililotobolewa au mfuko wa miche. Mchanga wa pwani usitumiwe, kwa chumvi yake na kwa chokaa ya magamba. Viweke kivulini, vifunikie mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga au chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, na udongo uwe na unyevu bila ya kulowa chepechepe. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Usivute kipande kila siku kutazama; kikichipua jani jipya na ukikivuta kidogo kikakataa, kimeshika. Katika vipande kumi usishangae vinne vikifa.

Anayetaka uhakika zaidi alaze tawi. Chukua tawi refu la chini bila ya kulikata kwenye mmea, lichune gamba kidogo chini ya kifundo, lifukie hapo kwa udongo na uweke jiwe juu yake, ncha ikibaki nje. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa na mizizi yake na utalikata kutoka kwa mama yake. Njia hii ni ya polepole lakini haikosi mara nyingi, na kwa asumini nene, ambayo vipande vyake ni vigumu kushika, ndiyo ninayoitumia.

Miche ihamishiwe pahali pake pa kudumu ikiwa na umri wa miezi mitatu au zaidi, katika shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukichanganywa na karai la samadi iliyooza. Acha mita moja na nusu kati ya mche na mche. Nafasi hiyo itaonekana kubwa ya kupita kiasi mwaka wa mwanzo na ndogo mwaka wa tatu. Tandaza makumbi ya nazi au majani makavu juu ya udongo kuzuia unyevu usikauke, ukiyaepusha na shina kwa upana wa kiganja. Penye kuku, zungushia mawe, la sivyo matandazo yote yatakuwa njiani kabla ya saa tatu asubuhi.

Maji na chakula

Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, mwagia maji mengi kila baada ya siku mbili au tatu badala ya kidogo kila siku, ili mizizi iyafuate chini. Matungi yanahitaji maji kila siku. Masika mmea ulioko ardhini haukuhitaji wewe.

Samadi ya ng'ombe iliyooza mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, inatosha katika ardhi nzuri. Samadi ya kuku ni kali na itiwe kidogo sana. Mbolea zenye nitrojeni nyingi, kama urea, zitakupa majani makubwa ya kupendeza na usiku usiokuwa na harufu.

Kisu

Hapa ndipo penye siri, ikiwa iko. Asumini huchanua kwenye ncha za matawi machanga tu. Tawi likishatoa kishada chake cha mwisho halina cha kutoa tena pale. Litarefuka, litakuwa gumu, na ukiliacha litakaa hivyo kwa miaka. Kitazame kishada kwa karibu: mara nyingi kina matumba matatu au zaidi, na lile la katikati hufunguka mwanzo, kisha ya pembeni siku zinazofuata. Likishaanguka la mwisho, shuka vifundo viwili chini ya kishada na ukate hapo. Kwenye kwapa za majani mawili yaliyobaki juu yatatoka machipukizi mawili, na kila moja litabeba kishada. Ncha moja imekuwa mbili, na mara ijayo zitakuwa nne. Mwenye kufanya hivi kila jioni wakati anapochuma, kwa mkasi mdogo mfukoni, hatahitaji kuuliza kwa nini mmea wa jirani hauchanui.

Mbali na hilo kuna mkato mkubwa wa mwaka, ambao naufanya kusi ikielekea ukingoni, mwisho wa Agosti hadi Septemba, wakati ambapo baridi ya kipupwe imepita na maua ni machache hata hivyo. Punguza maji kwa wiki mbili, kisha kata mmea wote ubaki kimo cha goti, sentimita 45 au 50. Ondoa matawi yaliyokufa, membamba kama njiti, na yanayoelekea ndani, ili upepo upite katikati. Mmea utaonekana umedhulumiwa, na wapita njia watakwambia hivyo. Tia samadi, mwagia maji mengi, na mvua za vuli zitakuta machipukizi yanaanza. Maua huja baada ya wiki sita hadi nane na huendelea kaskazi yote. Ukiwa na miasumini miwili, ukate wa pili mwezi mmoja baada ya wa kwanza, usije ukakosa asumini kabisa kwa kipindi. Asumini nene isikatwe namna hii; punguza thuluthi moja tu.

Hesabu hiyo hiyo ya wiki hutumika kwa harusi. Ikiwa maharusi wanaingia ndani baada ya miezi miwili, kata ncha zote sasa.

Wadudu

Majani yakianza kunata na kufunikwa na weusi kama masizi ya jiko, tatizo si masizi. Vidukari, vidung'ata au wadudu gamba wamekaa chini ya majani na kwenye ncha wakinyonya utomvu, na weusi ni ukungu unaoota kwenye utamu wanaoudondosha. Wakati huo huo utawaona majimoto wakipanda na kushuka, kwa kuwa hula utamu huo na kuwalinda wenye kuutoa. Kwenye mnazi majimoto ni mlinzi wa kuheshimiwa, maana humfukuza mdudu anayeharibu nazi changa. Kwenye mwasumini ni mlinzi wa wezi, na mkono wa mchumaji ndio unaolipa. Kata tawi lenye kiota chao alfajiri, lizamishe ndani ya ndoo ya maji ya sabuni, kisha osha majani yote kwa maji ya sabuni kidogo, au kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulazwa usiku kucha. Rudia baada ya siku saba. Pulizia asubuhi, si jioni, kwani jioni nondo huja kwenye maua, na matumba unayotaka kuyavaa yasinuke mwarobaini.

Tumba lenye tundu dogo na rangi ya zambarau kabla ya wakati wake limeingiwa na kiwavi. Yachume yote ya namna hiyo, pamoja na yaliyoanguka, uyachome.

Kuchuma

Chuma baina ya alasiri na magharibi, tumba likiwa jeupe lote, limenenepa, na limefumba. Shika kikonyo kwa ncha za vidole na ulikunje upande mmoja. Likiwa limekomaa hutoka bila ya kuvutwa. Usiligandamize petali, kwa sababu kila pahali palipobonyezwa patakuwa na doa la kahawia kabla ya isha. Liweke kwenye jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu kidogo, lisizamishwe majini. Kwa shughuli ya usiku wa Ijumaa unachuma Alkhamisi alasiri, na kama makoja ni mengi yaanze kutungwa matumba yangali yamefumba, sindano ikipita kwenye kikonyo kijani na si kwenye petali, ili yafunguke yakiwa tayari shingoni. Koja lililofungwa ndani ya jani la mgomba na kuwekwa sehemu ya chini ya friji hukawia kufunguka hadi kesho yake. Matumba ambayo bado yana ukijani yaachwe juu ya mmea hata kama umepungukiwa na mawili matatu, kwani yakishachumwa hayafunguki tena.